Togwa Isiyochacha

Nianze na upumbavu wenyewe, asije mtu akadhani nauzungukazunguka. Nilimimina chupa nzima ya alkoholi ya maabara ndani ya chungu cha togwa cha mama yangu, asubuhi kweupe, huku napiga mluzi. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa majuma mawili, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mtu asiyefikiri husamehewa haraka. Mimi nilikuwa na hoja.

Ili hoja yangu ieleweke, lazima kwanza nieleze shamba.

Kwetu ni upande wa Lyamkena, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka njia panda ya Makambako, pale malori ya Njombe yanapoachana na yale ya Mbeya. Baba alirudi kutoka mashamba ya mkonge na kikohozi, akakohoa msimu mmoja, tukamzika. Alituachia nyumba, mbuzi watatu, na shamba la mahindi la matuta sitini na manne kwenye mteremko wa mto. Mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, alikuwa na mashamba matano tayari. Mwezi wa Desemba, nilipofika likizo kutoka shule, nilimkuta amesimama ukingoni mwa shamba letu, mikono nyuma kama karani wa boma.

"Shemeji," alimwambia mama, "mimi sina ugomvi na mjane wa kaka yangu. Ila shamba la ukoo halilali na magugu. Mkilipalilia lote, lenu. Nikija Jumapili ya pili ya mwaka mpya nikakuta tuta moja lina majani, mwanangu analima hapa."

"Tuta moja?" mama aliuliza.

"Tuta moja, shemeji."

Huyo mwanawe alikuwa rika langu, na jembe alilijua kwa kuliona likipita.

Basi mama akaita mgowe. Kwetu mgowe ni kualikana: mwenye shamba huwaita watu, nao huja na majembe yao, hulima tangu umande haujakauka, naye huwanywesha pombe. Siku moja ya mgowe mzuri humaliza kazi ya mwezi. Lakini sisi ni watu wa kanisa, tena mama ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya meza ya Bwana, na kanisa lilikuwa limekataza pombe shambani. Akatengeneza togwa, uji mtamu wa mahindi na kimea cha ulezi, unaonywewa siku ile ile kabla haujachacha. Ni kinywaji kizuri. Watoto hukipenda sana.

Walikuja watu wanne, ukimhesabu bibi mmoja aliyekuja kuketi.

Ulikuwa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, unaelewa. Mianzi ilikuwa inakatwa ncha asubuhi na kukingiwa vibuyu, na kila kijiji kilikuwa na mgowe wenye ulanzi. Mwanamume gani aache ulanzi wa jirani aje kwa mjane kunywa uji? Tulipalilia matuta kumi na moja. Kisha mvua ikanyesha siku tatu, na magugu yakaonyesha bidii kuliko sisi.

Mmoja wa wale wanne alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alitoka Igwachanya kwa miguu, jembe begani. Jembe lake lilikuwa na mpini mrefu kuliko yote niliyowahi kuona, kwa sababu alikuwa mtu mrefu na mgongo ulimsumbua. Alilima karibu wima, kama mtu anayefagia. Nilimwambia afadhali angenunua ufagio. Akasema, "Na wewe afadhali mama yako angezaa mbuzi, tungekula." Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipendana.

Alipoona matuta yaliyobaki hakucheka tena. Alimwambia mama, "Dada, ita tena. Mimi sitaondoka mpaka liishe." Akahamia kwetu.

Mama aliketi kizingitini jioni ile na kusema, si kwa mtu yeyote, "Wakilichukua hili, nitakwenda wapi?" Nami nikajua jibu, kama alivyolijua yeye. Angerudi Igwachanya kukaa nyuma ya nyumba ya kaka yake, na mimi shule ingekuwa imekwisha.

Sasa nieleze shule.

Ni ya bweni, mbali, siku mbili kwa lori. Mwalimu wetu wa sayansi ni Mwingereza mwenye shingo ya kuku aliyenyonyolewa, na akifurahi shingo hiyo hugeuka nyekundu. Muhula ule ilikuwa nyekundu mno, maana alikuwa ameanza kutufundisha kaboni, na anaipenda kaboni kama wengine wanavyopenda watoto wao. Alituambia kila kaboni ina mikono minne. Mara nyingine kaboni mbili hushikana kwa mikono miwili miwili, na kitu chenye mshiko wa namna hiyo huitwa alkeni. Lakini mshiko wa pili si imara kama wa kwanza. Umelegea, uko nje nje, na chochote chenye njaa kikipita hapo kinaudaka. Ndiyo maana alkeni hupenda kuongezewa vitu.

Akachora iliyo ndogo kuliko zote, etheni, kaboni mbili tu. Ukiipa maji, alisema, na asidi ya kuianzisha kazi, hidrojeni itakaa kwa kaboni moja, kipande kilichobaki cha maji kitakaa kwa nyingine, nawe utapata alkoholi. Alkoholi ile ile iliyomo ndani ya pombe.

Darasa zima lilikaa wima. Hata waliokuwa wamelala.

"Bila kimea, bwana?" niliuliza.

"Bila kimea."

"Bila kuchacha?"

"Hakuna kinachochacha. Gesi na maji basi." Kisha akainua chupa kubwa ya kahawia kutoka mezani. Hii nayo, alisema, ilitengenezwa hivyo hivyo kiwandani Ulaya, ila kwa propeni, yenye kaboni tatu. Na zikiwa tatu linazuka swali: nani apate nini? Akaandika kanuni ubaoni. Hidrojeni huenda kwa kaboni ile ambayo tayari ina hidrojeni nyingi zaidi.

"Ni baba yangu mdogo huyo, bwana," nikasema. "Mwenye mashamba matano ndiye anayeongezewa la sita."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ndiyo kwanza anageukia ubao kueleza kwa nini iko hivyo, na mimi nilikuwa nimemkata. Akaninyooshea kidole mlangoni. Nilisimama nje dirishani nikaigiza shingo yake kwa waliobaki ndani, na somo la kwa nini likapita juu ya kichwa changu. Adhabu ilikuwa kuosha vyombo vya maabara hadi mwisho wa muhula. Ndiyo sababu nilikuwa na ufunguo.

Chupa ile ilisafiri nami kwenye sanduku langu la bati, imefungwa kwa sweta ya shule. Ninaposema niliiba, namaanisha niliiba. Lakini siku ile sikujua bado naitaka ya nini. Nilitaka tu kuwa na kitu ambacho wenzangu hawana.

Hoja ilinijia kwetu, baada ya mgowe ule wa watu wanne. Nilimfuata mzee wa kanisa, aliyekuwa akirekebisha uzio wake, nikamsalimia kwa adabu ya ajabu. "Kamwene, mzee."

"Kamwene. Unataka nini?" Ananifahamu.

"Mzee, katika pombe, dhambi hasa iko wapi?"

"Dhambi iko katika kile kilichochacha. Chochote kilichotiwa kimea kikaachwa kikachacha, hicho ni pombe."

"Na kisichochacha?"

"Kisichochacha ni togwa. Kunywa, mwanangu, ukue uache maswali."

Nilirudi nyumbani mbio. Unaona? Nilikuwa na kitu kinacholevya na ambacho hakikuchacha tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Mama angebaki na vitambaa vyake vya meza ya Bwana, wanaume wangepata walichokitaka, shamba lingepaliliwa, na baba mdogo angesimama pale na mikono yake nyuma. Kwenye kijiji chetu mimi peke yangu ningeweza kufikiri hivyo, kwa maana ilihitaji mtu aliyesikiliza nusu ya katekisimu na nusu ya kemia.

Mama akatangaza mgowe wa pili, Jumanne ya juma la mwisho kabla ya Jumapili aliyoitaja baba mdogo. Nami nikazunguka vilabuni nikinong'ona kwamba safari hii togwa ya kwetu ina kitu ndani. "Kitu gani?" waliniuliza. "Njooni mkionje."

Walikuja watu ishirini na saba. Mama alisimama mlangoni akiwatazama wakipanda mteremko na majembe yao, akaweka mkono mdomoni. "Mungu amewagusa," alisema. Nilitazama pembeni ili nisicheke. Namkumbuka akisema maneno hayo kuliko ninavyokumbuka mambo mengi.

Vyungu vilikuwa viwili, cha wanawake na cha wanaume. Nilitia chupa yote katika cha wanaume, nikakoroga kwa upawa, nikaongeza tangawizi iliyotwangwa ili kuficha harufu. Haikufichika. Walipopumzika mara ya kwanza, mjomba alipewa kibuyu cha kwanza, kwa kuwa ndiye kaka wa mwenye shamba. Akanusa.

"Togwa gani hii? Inanuka kama hospitali."

"Basi itakuponya mgongo, mjomba," nikamjibu.

Akacheka, akanywa, akapumua kwa nguvu. Akanitazama. Nadhani alijua kuna kitu. Lakini nyuma yake kulikuwa na wanaume kumi na watano waliokuwa wakingoja kuona atafanya nini, na shambani kwa dada yake kulikuwa na matuta hamsini na matatu. Akasema kwa sauti, "Tamu! Dada yangu anajua kupika," akampokeza kibuyu aliyefuata.

Walilima kama wanaokimbizwa. Waliimba. Ilipofika adhuhuri karibu mteremko wote ulikuwa umegeuka mweusi, udongo mbichi juu, majani yakikauka chini ya jua. Kila walipopumzika, wanaume walikunywa, na walioanza kuona kizunguzungu wakacheka wenyewe. Wawili walitapika kando ya mto, wakataniwa. Kwetu chungu cha mgowe hakirudi nyumbani na kitu. Kilichobaki humalizwa na mjomba wa nyumba, ndiyo heshima yake. Mjomba aliinua chungu kwa mikono miwili na kukimaliza, wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Alirudi kwenye tuta lake, akalima hatua kama kumi, wima, kama mtu anayefagia. Kisha akauegemea mpini wa jembe. Nilidhani anafanya mzaha. Mpini ukateleza, naye akaenda nao chini.

Nitaeleza yaliyofuata kwa kifupi. Alikuwa anakoroma, macho nusu wazi. Ukimwita hasikii. Akatapika akiwa amelala chali kabla hatujamgeuza, na sauti ya pumzi yake ikabadilika, ikawa na maji ndani. Wanaume wengine walikuwa wameketi chini wameshika vichwa. Mtu mmoja akasema neno "sumu", na mara hiyo hiyo watu wakaanza kuokota majembe yao. Hawakuaga. Nilisikia mwanamke akisema njiani, "Mlokole huyo, na pombe yake ya siri." Walibaki watu wanne wa kubeba machela. Bibi yule aliyezoea kuketi alibaki kulinda mbuzi.

Sisi tulitengeneza machela kwa miti miwili na blanketi, tukaenda nayo hadi Makambako. Kabla ya kuondoka nilikimbia ndani nikachukua vitu viwili: chupa tupu, na daftari la mwenzangu wa dawati. Mwenzangu huyo huandika kila kitu, hata mwalimu akipiga chafya anaandika. Alikuwa ameniazima daftari ninakili somo nililofukuzwa. Kwa likizo nzima sikulifungua. Sasa nilidhani ndani yake kutakuwa na dawa. Nilidhani kama kemia ilitia kitu, kemia itajua namna ya kukitoa.

Tulipata lori la mbao linaloelekea Mbeya, ambalo dereva wake alikubali kutufikisha hospitali ya misheni kule Ilembula. Mama aliketi juu ya mbao na kichwa cha kaka yake mapajani. Mimi niliketi mkabala nao, na kwa kuwa sikuweza kuwatazama, nilisoma.

Hakukuwa na dawa. Kulikuwa na nusu ya pili ya somo.

Nitaiandika hapa kama nilivyoielewa juu ya lori lile, kwa sababu sijawahi kuelewa kitu chochote cha shule vizuri kiasi hicho. Hidrojeni ya asidi huja mikono mitupu. Inaudaka ule mshiko uliolegea na kuuvutia kwake, inakaa kwa kaboni moja, na kaboni ya pili inabaki imepungukiwa. Mkono wake mmoja uko hewani hauna wa kumshika. Mwenzangu alikuwa amechora alama ya kujumlisha juu ya kaboni hiyo, na kwa jinsi lori lilivyokuwa likiruka mashimo niliiona kama msalaba juu ya kaburi.

Hali hiyo haidumu. Ni kitambo kidogo sana, lakini kila kitu huamuliwa hapo. Swali ni kaboni ipi inaweza kustahimili kupungukiwa. Katika propeni, ile ya pembeni ina kaboni jirani mmoja tu. Ya katikati ina majirani wawili, na kila jirani husogeza elektroni zake kidogo kumwelekea aliyepungukiwa, hivyo upungufu unagawanywa, hauwi mzigo wa mmoja. Mwenye jirani mmoja hutetereka. Mwenye wawili husimama kwa shida. Mwenye watatu husimama vizuri zaidi kuliko wote. Kwa hiyo mambo hufuata njia iliyo nyepesi: hidrojeni hukaa pembeni, upungufu unabaki katikati, na maji yakija yanamshika huyo wa katikati.

Kwa hiyo utani wangu darasani ulikuwa uongo. Hidrojeni haimpendelei mwenye nyingi. Inakwenda pembeni kwa sababu, ikienda huko, anayebaki amepungukiwa ni yule mwenye watu wa kumwegemeza.

Chini kabisa kulikuwa na maneno yaliyopigiwa mstari mara mbili. Katika etheni kaboni zote mbili ni sawa, kwa hiyo hakuna swali, na alkoholi yake ni ile ya pombe. Katika propeni kipande cha maji kinakaa katikati, na hiyo ni alkoholi nyingine. Hulevya kwa nguvu zaidi, na mwili hauwezi kuimaliza kama unavyoimaliza ile ya pombe, unaigeuza asetoni. Ni ya kusafishia ngozi na vyombo. Kisha: *mwalimu anasema asiionje mtu, akamtazama yule aliye nje dirishani.*

Yule aliye nje dirishani alikuwa mimi. Alikuwa amenyoosha shingo kama kuku.

"Unasoma nini?" mama aliuliza.

Nililifunga haraka. Aliangalia daftari, akaangalia chupa iliyokuwa ikibiringika miguuni pangu, akaangalia uso wangu. Mama hajui kusoma Kiingereza. Hakuhitaji. Alirudisha macho kwa kaka yake na kuanza kumpangusa midomo kwa ncha ya kanga, na tangu hapo hakuniambia neno tena kwa siku nne.

Hospitalini dresa, msaidizi wa daktari, alikuja na taa ndogo, akamfunua mjomba macho. "Amekunywa nini, mama?"

"Togwa."

"Togwa haifanyi hivi, mama yangu. Niambie kweli. Ulanzi? Gongo?"

"Togwa," mama alisema tena.

Nikaweka chupa mezani. Dresa aliisoma, akanusa mdomo wake, kisha akanusa pumzi ya mjomba. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, ana mvi kwenye masikio. "Hii ndiyo tunayofutia ngozi kabla ya kuchoma sindano," alisema. "Alikunywa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa chungu. Akaniangalia muda mrefu. Alitaka kuniuliza kwa nini, nikaona ameamua asiulize, akaenda kumwita daktari.

Walijitahidi. Yule daktari aliniambia baadaye kwamba kile kinywaji peke yake huenda mjomba angekishinda, kwa kuwa alikuwa na mwili mkubwa. Ni matapishi yaliyoingia mapafuni. Alhamisi asubuhi mjomba alifungua macho, akatazama dari, akasema, "Yamebaki mangapi?" Mama akamwambia yamekwisha yote, kaka. Akafumba. Hakufungua tena.

Tulimzika Igwachanya Ijumaa, mvua ikinyesha. Mke wake alimshika mama mkono wakati wote, na hilo lilinishinda kuliko kama angempiga. Baba mdogo alikuja, na suti yake, akatupa udongo kaburini kama inavyotakiwa. Walipokuwa wakitawanyika alimsogelea mama.

"Pole sana, shemeji. Msiba wenu ni msiba wangu." Akajipangusa udongo viganjani kwa adabu. "Nilipita shambani jana. Naona walifika mbali. Basi, Jumapili baada ya ibada."

Nilimtazama mama. Siku zile za nyuma, ukimhesabu mjomba, alikuwa na watu wawili wa kumwegemeza, na wa pili ni mimi. Niliondoa wa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikajihesabu mimi nilivyo, na kama angekuwepo mtu wa kucheka, ningemchekesha.

Tulifika nyumbani Jumamosi asubuhi. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wameketi uani wakitungoja, na mmoja wao alikuwa yule wa uzio. Walisema pole. Walisema kwa huzuni kubwa kwamba habari imefika kila mahali, na lazima waulize. Nani alitia kitu katika togwa?

Nilivuta pumzi ili niseme. Nakiri niliivuta polepole, lakini niliivuta. Mama aliweka mkono juu ya goti langu na kuubana, kucha zote tano.

"Chungu ni changu," alisema.

"Tunauliza aliyetia, mama."

"Nami nasema chungu ni changu. Andikeni hivyo."

Yule mzee wa uzio alinitazama. Alikumbuka maswali yangu, nilimwona akikumbuka. Lakini mama alikuwa amesema, na mwenye chungu ndiye anayejibu. Wakamtenga na meza ya Bwana hadi watakapoona vinginevyo, wakaomba, wakaondoka na vitambaa vile vyeupe vilivyokuwa vimekunjwa kabatini, tayari kwa Jumapili.

Alama za kucha zake zilibaki gotini mwangu. Nilikaa palepale kwenye mkeka nikisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nne. Nilijua atanilaani, au atalia, au ataniambia niende zangu nisirudi, na kwa kila moja ya hayo nilikuwa nimeandaa jibu. Hata utani mmoja nilikuwa nao, Mungu anisamehe.

Mama alivua kanga ya msiba, akaikunja. Alifunga kibwebwe. Alichukua jembe lake, akapima jua kwa kiganja, halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu lori lile, akasema:

"Yamebaki matuta tisa. Jembe la mjomba wako liko nyuma ya mlango. Mpini wake ni mrefu, lakini utauzoea."